Koti la Njano, Upande wa Kwanza

Ukitaka kunipotezea asubuhi nzima, niulize albamu ninazozipenda. Nitaacha kazi, nitavuta kiti, nitaagiza chai ya pili, na kama una haraka shauri yako. Nasema albamu, sisemi nyimbo. Siku hizi watu wanabonyeza simu, simu inawachagulia wimbo mmoja wa huku na mwingine wa kule, halafu wanajiita wapenzi wa muziki. Mimi nawatazama tu. Albamu imepangwa na watu waliokaa chini wakabishana, huu uanze, ule ufunge, na wewe unakuja kuivuruga kwa kidole kimoja! Jambo hilo linaniudhi mpaka leo, na nina miaka arobaini na minne.

Zangu ni tatu. Nimesikiliza nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini zangu ni tatu. Majina yake halisi hayakutumika kwetu nyumbani. Tuliziita kwa picha za majalada.

Ya kwanza ni Koti la Njano, na nilianza kuipenda kwa jinsi ilivyofika. Mama alifanya kazi ya nyumba Lavington kwa miaka mingi, kwenye familia ya wageni waliokuwa na gramafoni sebuleni. Walipohama kurudi kwao walimwambia achague kitu kimoja katika vile wasivyoweza kubeba. Friji ilikuwepo. Cherehani ilikuwepo. Kawangware tulikokuwa tukiishi habari ilimtangulia, na majirani walikuwa wamesimama nje wakiingoja friji. Mama akatokea nyuma ya mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na gramafoni ya sanduku na santuri moja. Walimcheka wiki nzima. Yeye hakujali hata kidogo. Alikuwa ameifuta vumbi mashine hiyo miaka saba bila kuruhusiwa kugusa sindano yake.

Kwenye jalada wamesimama wanaume watano, na wa katikati amevaa koti la njano lililomzidi, mikono yake inafika kwenye vidole. Mama alishikilia kwamba koti hilo ni la kuazima. "Sikia vile anaimba haraka," alikuwa akituambia, "mwenye koti anamngoja hapo nje." Nyimbo ni sita, tatu kila upande. Upande wa kwanza alipiga pasi mashati yetu ya shule, upande wa pili kaptula. Lakini wimbo wa tatu ulikuwa wake. Humo magitaa mawili yanazungumza, moja linauliza na jingine linajibu, mpaka yote mawili yanakosa subira na kuanza kusema pamoja. Wimbo ulipofika hapo Mama aliisimamisha pasi, akafumba macho, na mabega yake yakaanza kwenda yenyewe. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akifurahi kwa jambo lisilonihusu mimi, wala kaka yangu, wala chakula. Nilipenda kumwona hivyo mpaka nikawa ninaomba nguo zichafuke.

Niseme pia kuhusu jina langu, maana litahitajika. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake wa upande wa baba, na wa pili la babu wa upande wa mama. Mimi ni wa pili. Nina jina la baba yake Mama, na kwa hiyo tangu nizaliwe hajawahi kunitaja jina, ananiita Baba. Akifurahi ni Baba, akikasirika ni Baba, na nadhani alipata raha ya pekee kumkaripia baba yake kupitia mimi.

Ya pili ni Kanzu za Buluu, albamu ya kwaya. Baba yangu mzazi aliileta kutoka River Road ili nyumba isiwe ya miziki ya dunia tupu. Ilikuja na mkwaruzo. Katika wimbo wa pili kwaya nzima ilinasa kwenye neno "njoo", ikawa njoo, njoo, njoo, njoo, mpaka mtu ainuke agonge sanduku. Mara nyingi zilifika nne kabla hatujakubaliana ni zamu ya nani. Basi mimi na kaka yangu tuliujua wimbo huo pamoja na mkwaruzo wake. Kanisani waumini walisema njoo mara moja wakaenda zao, na sisi wawili tukabaki nyuma tukiita, huku Mama akitufinya.

Baba yangu alipofariki, kwaya iliuimba wimbo huo kaburini. Hatukuwa tumepanga lolote. Neno lilipofika, mimi, kaka yangu na Mama tuliliita mara nne, sauti tatu peke yake mbele ya watu wote wale, na kwaya ikasimama kutungoja. Mama akaangua kicheko. Alicheka machozi yakimtiririka, na shangazi zangu walifikiri amerukwa na akili. Kila nikiisikia albamu hiyo ninakirudia kicheko chake, na sitaki mtu anitafutie nakala nzima isiyo na mkwaruzo. Nimeshaletewa mbili, na zote nimezigawa.

Ya tatu nilijinunulia kwa mshahara wangu wa kwanza. Tunaiita Tangi, kwa sababu vijana wanne wamekaa juu ya tangi la maji kwenye paa la ghorofa fulani ya Eastlands na wanautazama mji kama mali yao. Ni Sheng mwanzo hadi mwisho, na ngoma nzito. Mimi nilikuwa karani mpya Upper Hill, nina shati moja la maana, na mjini nilitembea nikikwepa kila mtu. Nilivaa visikizi, nikaianza albamu River Road, nikaupita mji, nikakata bustanini, nikapanda kilima, na wimbo wa kumi na moja ulikwisha nikiwa kwenye ngazi za ofisi. Ilienea safari ile kana kwamba walinipimia! Kuanzia siku hiyo niliacha kukwepa watu. Mama aliisikiliza mara moja akauliza, "Hawa vijana wanagombana na nani?"

"Hawagombani, Mama. Ndiyo kuimba kwenyewe."

"Basi si wangeimba wakiwa wamekaa vizuri."

Baada ya mwezi nilimkuta akikuna nazi huku akiuimba wimbo wa nne, maneno yote mahali pake, mengine nisingependa mchungaji ayasikie.

Nilivyokuwa mtu wa albamu ndivyo nilivyoweka sheria: santuri ikianza, hakuna kuongea. Kuongea ni mwanzo, au ni wakati wa kugeuza upande. Nilipohamia Hurlingham nikaendelea kumtembelea Mama Kawangware kila Jumamosi alasiri, na huko nako sheria ilikuwa ile ile. Zamani alinidhihaki kwa hilo. Halafu, miaka miwili hivi iliyopita, akageuka. Nikifika tu, chai iko mezani, Koti la Njano iko juu ya gramafoni, sindano iko mkononi mwake. Hujambo Baba, sijambo Mama, na muziki huo. Nilifurahi sana! Niliwaambia watu kazini kwamba hatimaye nimempata mwenzangu, na ni mama yangu mzazi.

Kabla ya hapo kulikuwa na kisa cha sindano. Alianza kwa kupandisha sauti ya gramafoni, mpaka jirani wa ukuta wa pili akagonga. Kisha akasema, "Baba, hiyo sindano imeisha. Gitaa hazisikiki." Nikanunua sindano. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Nikanunua nyingine, ya duka jingine. Hapana. Ya tatu niliitafuta mjini siku nzima. Alipoisikiliza hiyo alinitazama, akasema sasa iko sawa kabisa. Nilijipongeza njia nzima nikirudi.

Mwaka jana, Jumamosi moja, nilifika na habari mbaya. Kampuni ya bima niliyoifanyia kazi Upper Hill ilifunga idara yetu, na barua yangu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa nimekaa nayo siku tano bila kumwambia mtu. Nilimngoja Mama. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, nimeinama, navua viatu.

"Mama, wameniachisha kazi."

"Mungu asifiwe, Baba," akasema, na akashusha sindano.

Nilikaa pale nyimbo tatu nikichemka. Nilifikiri ni ile imani yake ya kushukuru kwa kila jambo, na niliona sasa imevuka mpaka. Angeuliza hata neno moja! Upande wa kwanza ulipokwisha nikavaa viatu nikaondoka, na sikurudi kwa karibu miezi mitatu. Simu hakuwa akipokea, alisema inamwumiza kichwa, kwa hiyo tuliandikiana ujumbe wa hujambo na sijambo. Nilijiapiza kwamba nitarudi nikiwa na kazi, na nitarudi nimenyoosha shingo.

Nilipata kazi, ndogo kuliko ile, palepale Hurlingham. Jumamosi iliyofuata nikaenda. Tangu uani nilisikia kitu cha ajabu. Koti la Njano ilikuwa inazunguka polepole mno. Mwimbaji alivuta maneno utadhani amelewa, na ngoma zilianguka moja moja. Nikaingia. Mama alikuwa kitini pake, macho amefumba, anatikisa kichwa kwa raha. Nilicheka, nikidhani ananitania. Alipofumbua macho na kuniona, alinyanyuka akanikumbatia kwa nguvu, akanionyesha kiti, na akaashiria kwa kidole tukae tusikilize.

Jumatatu wakati wa chakula cha mchana niliipeleka gramafoni mjini kwa fundi mmoja karibu na Luthuli Avenue. Ni mzee wa Pwani aliyekuja Nairobi ujanani na hajakubali Kiswahili chetu mpaka leo.

"Sasa mzee," nikamwambia, naweka sanduku mezani.

"Salamu kwanza, mashine baadaye."

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, ina nini?"

Akaifungua. Akauvuta mkanda wa mpira unaozungusha sahani, ukalegea mkononi mwake. "Huu haukulegea jana wala juzi," akasema. "Una miezi. Huko kwenu hakuna anayeisikiliza?"

"Yupo. Mama anaisikiliza kila siku."

"Na hakusema neno?"

"Hakusema."

Akavaa miwani nyingine akaitazama sindano. "Hii mpya."

"Ni ya tatu. Mama alisema zile nyingine hazisikiki vizuri."

Mzee akavua miwani, akaniangalia kwa upole ulionitia wasiwasi. "Mwanangu, mkanda nitakutilia, si kazi. Lakini wewe nenda kamwite mama yako akiwa amekupa mgongo."

Sikurudi kazini. Nilimkuta Mama jikoni, amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe, mgongo kwa mlango. Nikamwita kwa sauti ya kawaida. Mikono yake iliendelea na maharagwe. Nikamwita tena, kisha nikamwita kwa sauti ya kuitia mtu aliye upande wa pili wa barabara. Jirani alitoa kichwa dirishani. Mama akachukua punje mbovu, akaitupa kando, akaendelea. Hapo nikaikumbuka ile Jumamosi, nilivyokuwa nimeinama navua viatu, uso wangu unatazama sakafu. Nilijisikia mjinga, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Aligeuka akaniona, na uso wangu ukamwambia kila kitu. Alikasirika kwanza. Kiziwi ni nani? Nani amesema? Yeye anasikia, ni watu wa siku hizi wanaongea wakiwa na chakula mdomoni! Nilichuchumaa mbele yake na kumwambia habari ya mkanda, polepole, akinitazama midomo. Alipoelewa kwamba alikaa miezi akiutikisia kichwa wimbo uliolewa, hasira ilimtoka.

"Nilikuwa naujua kwa kichwa," akasema. "Nilikuwa naucheza huku ndani."

"Na Jumamosi? Kwa nini ulikuwa unaweka nikifika tu?"

Akarudi kwenye maharagwe yake. "Wewe ukiwekewa santuri huongei, Baba. Na kama huongei, hakuna kitu imenipita."

Sheria yangu mwenyewe! Nilitoka nje nikasimama uani hadi nikatulia. Kuhusu ile barua sikumwambia kitu. Nilijiambia imeshapita, nina kazi sasa, ya nini kumsumbua. Ukweli ni kwamba niliogopa kuisema mara ya pili. Kwanza asikie, nikajiambia. Asikie gitaa lake, mengine yatafuata.

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri kwa hamu. Kaka yangu na mimi tulichanga, na nikampeleka Mama kliniki ya masikio Hurlingham, ghorofa ya pili, barabara ile ile ninayofanyia kazi. Dada wa kliniki alikuwa kijana, mtaratibu, na aliongea na Mama uso kwa uso, si kupitia kwangu, jambo lililouteka moyo wa Mama papo hapo. Walimpima. Wiki mbili baadaye akavishwa vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio. Dada alipoviwasha, Mama alishtuka akashika kiti.

"Nani anakwaruza?"

Ilikuwa ni kalamu ya dada juu ya karatasi.

Jamani, ile siku! Tulichukua nusu saa kufika chini. Alifungua na kufunga zipu ya mkoba wake mara sita. Alisimama kwenye ngazi akisikiliza viatu vyake. Nje, kwenye barabara ya Argwings Kodhek, wale ndege wakubwa wa kelele walipita juu ya majengo wakipayuka kama kawaida yao, wale ambao kila mtu wa Hurlingham anawalaani alfajiri. Mama akainua uso.

"Haiya! Kumbe bado wako? Nilidhani walihama."

Nilicheka mpaka mlinzi wa jengo naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Nikamwingiza kwenye gari, nikamkimbiza nyumbani. Gramafoni ilikuwa imetengenezwa, mkanda mpya, sindano safi, santuri nimeifuta mwenyewe. Nikaiweka. Nilikuwa nimesimama, siwezi kukaa. Wimbo wa kwanza ukaanza, na nikaona uso wake ukikunjika.

"Zima, Baba."

"Ngoja kidogo, utazoea."

"Zima. Hao si wao. Ni mtu anapiga sufuria."

Nikazima. Alijaribu kunituliza mimi, mimi nisiye na tatizo la masikio, akisema ndege pekee wanatosha, na kalamu, na zipu. Niliondoka nikiwa nimevunjika moyo vibaya. Lakini nilipofika kwangu uchungu uligeuka kuwa ubishi, na ubishi ndio nguvu yangu. Jumatatu saa mbili kamili nilikuwa mlangoni kwa yule dada nikimweleza habari za sufuria. Akanisikiliza, akasema vifaa vile vimefundishwa kutafuta sauti za watu wanaoongea. Gitaa vinaliona ni kelele, vinalibana. Inawezekana kuviwekea mpangilio mwingine wa muziki, ila muziki wenyewe ni upi?

"Naweza kuuleta?"

"Uko kwa simu?"

"Uko kwa sanduku," nikamwambia.

Jumamosi ile nilipanda ghorofa mbili na gramafoni imefungwa kwenye shuka, Mama nyuma yangu ameshika Koti la Njano kifuani. Watu waliokuwa wakingoja walitutazama kama tumeleta mbuzi. Dada alitaka kufunga mlango wa chumba chake, lakini meza ya ndani ilikuwa ndogo, ikabidi gramafoni ikae nje kwenye kaunta ya mapokezi. Akakaa na kompyuta yake mapajani. Mama akaketi katikati ya watu. Nikashusha sindano.

"Sufuria," Mama akatangaza.

Dada akabonyeza. "Na sasa?"

"Sufuria, lakini iko na maji."

Watu wakacheka. Dada akabonyeza tena, akasogea karibu, na mama yangu, aliyewahi kufuta vumbi la mashine hiyo miaka saba bila kuruhusiwa kuigusa, akaanza kuamrisha kliniki nzima. Ngoma zishuke. Huyo wa besi apewe nafasi. Mwimbaji amekaribia sana, arudi nyuma. Tulirudia wimbo wa kwanza mara tano. Dada alipomweleza tena kwamba kifaa kilidhani gitaa ni kelele, Mama aliuliza, "Kelele? Hebu iambie ishike adabu." Mzee mmoja mwenye fimbo, aliyekuja kupimwa, alianza kupiga mguu chini. Mama wa mtoto mdogo akahama kiti ili awe karibu na spika. Mimi nilikuwa nageuza, narudisha, nainua, nashusha, jasho linanitoka, na kama kuna siku nimewahi kuwa na furaha zaidi ya hiyo basi siikumbuki.

Tukafika wimbo wa tatu. Gitaa la kwanza likauliza. Mama akatulia. La pili likajibu, na nikaona mabega yake. Yakaenda. Yakaenda yenyewe!

"Ni wao," akasema. "Ni wao, wamekuja."

Yule dada alifuta macho, kisha akasema ukweli, na ninamheshimu kwa hilo. Sauti za juu kabisa, pale gitaa linapopanda mwisho, zimekwenda na hazitarudi, hakuna kifaa cha kuzirudisha. Mama akamshika mkono. "Hapo nitaweka zangu," akamwambia. Akaonyeshwa kitufe cha kubadilisha, muziki huku, mazungumzo huku, akakijaribu mpaka akakijua.

Tulirudi Kawangware kabla ya saa tisa. Nikachemsha chai mimi. Nikaiweka Koti la Njano kwa utaratibu wake, mwanzo, bila kurudia chochote, na tukakaa. Mwimbaji akakimbia na koti lake la kuazima. Wimbo wa tatu ulipofika mwisho, pale gitaa linapopanda asikoweza kulifuata, Mama alizihesabu sauti zile hewani kwa kidole, moja baada ya nyingine, na hakukosa hata moja. Upande wa kwanza ukaisha. Nikainuka kugeuza.

Akanishika mkono wa shati. "Wacha kwanza. Kaa."

Akapeleka kidole nyuma ya sikio, akabonyeza, upande mmoja, kisha wa pili. "Sasa niambie."

"Nikuambie nini?"

"Zote. Zile ulikuwa unaniambia na mimi nasema Mungu asifiwe."

Nikaanza na nyepesi. Binti wa kaka yangu alivyong'oa jino kwa uzi. Mwenye nyumba wangu alivyopaka ngazi rangi ya pinki. Alizitaka zote kwa ukamilifu, uzi wa rangi gani, pinki ya namna gani, akicheka mahali panapostahili kuchekwa. Nikaishiwa na nyepesi. Alijua nimeishiwa, na hakuniachia shati.

"Mama, wale wa Upper Hill waliniachisha kazi. Mwaka jana. Ile Jumamosi niliondoka mapema."

Hakuwa akinitazama midomo. Alinitazama macho. "Ulikaa bila kazi?"

"Miezi mitatu. Sasa ninayo nyingine. Imeshapita."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa muda mrefu. Nilikuwa na jibu la kukaripiwa, na jibu la kuombewa, na jibu la kwa nini hukuniambia vizuri.

"Sasa hiyo miezi yote," akauliza, "ulikuwa unakula nini, Baba?"

Nikavuta kiti karibu naye. Mama aliinamisha kichwa upande mmoja, sikio lake kwangu, mkono bado umeshika shati, akawa anangoja kusikia.